Kagua kama Windows 10 yako bado ina tundu la crypt32

Habari zenu watazamaji wa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji. Washa laptopu yako ya Windows 10 twende pamoja, hasa kama uliinunua imeshatumika na fundi alizima apdeti ili kuokoa bando.

Ndani ya Windows kuna faili linaloitwa crypt32.dll. Ndilo linalohakiki vyeti na saini za kidijitali: programu hii imetoka kweli kwa kampuni inayotajwa? Tovuti hii ni ya benki kweli? Tarehe 14 Januari 2020 Microsoft ilitoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu, cha kasoro iliyopewa namba CVE-2020-0601, iliyoripotiwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Faili hilo lilikuwa linatambua ufunguo wa umma (namba ya wazi inayomtambulisha mwenye cheti) kwenye cheti bila kukagua vigezo vyote vya hesabu vilivyouzaa. Ni sawa na karani anayesoma jina kwenye muhuri, asiulize nani kauchonga. Mhalifu angeweza kuweka vigezo vyake, na programu yenye virusi ikaonekana imesainiwa na kampuni halali. Umakini wako hapo haukuokoi, maana kompyuta yenyewe ndiyo inayokuhakikishia kwamba ni salama.

Sasa shikilia kitufe chenye alama ya Windows, bonyeza R. Andika winver, piga Enter.

Kwenye dirisha litakalofunguka soma toleo (Version), kisha namba iliyo mbele ya OS Build. Toleo 1909 linatakiwa kuwa 18363.592 au zaidi, toleo 1903 liwe 18362.592 au zaidi, na toleo 1809 liwe 17763.973 au zaidi. Angalia vizuri tarakimu za baada ya nukta, ndizo zinazoonyesha kiraka. Ukiona toleo 20H2, 22H2 au Windows 11, tundu hili halikuhusu.

Namba ikiwa ndogo, fungua Settings, ingia Update & Security, halafu Windows Update. Ukikuta Resume updates, bonyeza; kisha Check for updates. Kama unatumia hotspoti ya simu, zima kwanza Metered connection (mpangilio wa kubana bando) kwenye mtandao huo, la sivyo upakuaji unaweza kugoma. Bando litaenda, kubalini gharama hiyo. Iache imechomekwa kwenye chaji, izime na kuiwasha inapokuomba, kisha rudia winver.

Wenye stesheneri, anzeni na mashine ambayo wateja wanachomeka flashi na kufungua barua pepe zao.