Kusoma komyuniti koleji Marekani ukiwa mtu mzima: nawajibu leo

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Kila nikipandisha video lazima mtu aniulize: "Kwa umri huo, na watoto juu, shule uliipataje?" Najua nikijibu kuna watakaosema naringa, na kuna watakaosema huyu kazi yake kulalamika, si arudi nyumbani. Semeni. Mimi naongea na yule anayebeba boksi usiku huko Ohio au Texas, ana miaka arobaini, ameshajiambia kwamba muda wake wa kusoma umepita.

Komyuniti koleji ni vyuo vya umma vya miaka miwili. Cha Joliet, kule Illinois, kipo tangu 1901. Vingi vinampokea yeyote aliyemaliza sekondari au mwenye cheti cha GED, yaani mtihani wa Marekani unaohesabika sawa na kumaliza sekondari. Hakuna anayekuuliza ulipata divisheni ngapi! Sisi tuliolelewa kwenye mfumo ambao matokeo ya kidato cha nne yanakufuata mpaka uzeeni tunalielewa hilo lina uzito gani. Kuna kozi zenye masharti yake, uuguzi kwa mfano: unatakiwa kwanza uwe umefaulu anatomia na mengineyo, na nafasi zinagombaniwa. Ila kuingia chuoni kwenyewe hukatazwi.

Shughuli iko kwenye makaratasi. Ada inategemea wewe ni mkazi wa wapi: mkazi wa jimbo analipa kidogo, wa nje anaweza kulipa mara mbili au zaidi. Majimbo mengi yanataka uwe umeishi pale miezi 12, na uthibitishe. Mimi nilikuwa nakaa kwa ndugu, mkataba wa nyumba una jina lake. Mama wa dirishani pale chuoni akaugeuza ule mkataba, akaweka kidole pale jina langu lilipotakiwa kuwa, akanirudishia. Nikaandikiwa ada ya mtu wa nje, huku kodi ya mapato nalipa jimbo hilohilo! Nilihangaika na hati za mshahara, leseni, barua za benki, mpaka wakakubali. Iliniuma sana.

Halafu vyeti vya nyumbani, wengi wanataka vitumwe moja kwa moja na shule au baraza la mitihani. Nikamwomba ndugu mmoja anifuatilie, nauli nikatuma. Kesho yake nakuta kwenye grupu la ukoo kaandika eti nimemfanya tarishi kwa sababu niko Marekani. Ndugu zangu, mchango wa harusi nikichelewa siku mbili napigiwa simu, lakini shule yangu hakuna aliyewahi kuniuliza inaendeleaje. Basi, tuliache hilo.

Msaada wa hela upo. Kuna fomu inaitwa FAFSA, kujaza ni bure, kwa hiyo anayekudai hela akujazie muogope. Ndiyo inayofungua Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika hadi dola 7,395, na kwa kawaida hairudishwi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba. Ukishafika miaka 24 unahesabiwa unajitegemea, hawaulizi kipato cha wazazi, na kwetu ambao wazazi wako kijijini hiyo inapunguza usumbufu mwingi. Majimbo nayo yana mipango yake: Tennessee wana mpango wa Reconnect wa kulipia watu wazima ada tangu 2018, Michigan wakafuata 2021 kwa wenye miaka 25 na kuendelea, na Massachusetts tangu 2024 ada ya komyuniti koleji ni bure kwa wakazi wasio na shahada. Ukiacha masomo katikati ya muhula unaweza kudaiwa sehemu ya hela, kwa hiyo usijaze madarasa manne wakati unafanya kazi zamu mbili.

Anayetaka shahada, aulize mapema chuo kikuu anachokilenga kitapokea krediti zipi, yaani zile pointi unazopata kwa kila somo ulilofaulu. Hapa unasoma kama 60, shahada ni kama 120. Wapo waliofika kule wakaambiwa nusu hazihesabiki, warudie na walipe tena. Omba orodha ya makubaliano kati ya vyuo hivyo viwili, kwa maandishi.

Haya yote ni yangu na ya niliowaona. Jimbo lako na makaratasi yako vinaweza kukupa majibu mengine kabisa. Na ninyi mlioko nyumbani mnaouliza kama mnaweza kuja na viza ya matembezi mkaanza chuo: hapana, hairuhusiwi. Unahitaji viza ya mwanafunzi, F-1, na fomu ya I-20, inayoonyesha umekubaliwa kusoma, kutoka chuo kilichoidhinishwa kuitoa. FAFSA haikuhusu, ada ni ya mgeni, na kazi kwa kawaida ni ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Hela hiyo haitoshi kulipa ada. Waandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo hicho, wakupe gharama zote za mwaka kwa maandishi, kabla hujauza kiwanja.