Ritifaa ya Ng'ang'a: maandishi husimbwa yanapotoka, hayasimbwi yanapoingia

Ndugu walimu, ndugu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliotoka kazini mkapitiliza moja kwa moja hadi hapa, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie fanksheni saidizi za kusimba maandishi (kuzigeuza alama zake ziwe katika sura iliyo salama huko yanakokwenda) na kuyasimbua (kuzirudisha alama hizo zilivyokuwa) katika programu za wavuti, na wale mnaonifahamu mmekwisha kubashiri nitakakoelekea, kwa kuwa jambo hili nimelisema katika kila darasa nililopewa nafasi, na nitaendelea kulisema maadamu bado naona majina ya watu yakiharibiwa na mifumo tunayoiandika sisi wenyewe. Sitaeleza seva ni nini wala kivinjari ni nini, hayo mnayajua.

Nianze na alama moja tu, nayo ni ritifaa, kile kialama kinachosimama baada ya ng katika ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini, zisizo na vialama juu wala chini yake, wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba shida za usimbaji ni za Wachina, Warusi na Waarabu, na kwamba sisi tumesalimika. Hatujasalimika. Ritifaa ya kawaida ni alama ya 39 katika jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi na alama nambari yake, na ndiyo hiyo hiyo inayofungua na kufunga matini katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, katika JavaScript, lugha ya programu za kivinjari, na katika sifa za HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti. Kila anayetoka Murang'a, Lang'ata au Nyang'hwale anaandika katika fomu zetu alama ambayo kwa kompyuta ina maana ya amri, na mwenye jina la Ng'ang'a anaiandika mara mbili.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua mfumo wa chama kimoja cha ushirika wa maziwa, ambacho sitakitaja. Siku niliyofika alikuwapo dirishani mama mmoja aliyekuja kuulizia malipo yake ya mwezi. Karani alichapa Ng'ang'a kwenye kisanduku cha kutafutia, akasubiri, akachapa tena, kisha akamwambia, "Mama, jina lako halipo." Yule mama alikuwa na kadi ya uanachama mkononi, na maziwa alikuwa amepeleka kila asubuhi. Nilikaa kwenye kiti cha karani, nikafungua jedwali lenyewe, na nitawasimulia nilichokiona hatua kwa hatua, kwa sababu hesabu yake ni ndogo na kila mtu humu anaweza kuifuata.

Mwandishi wa kwanza wa mfumo ule aliwahofia wadukuzi, na hofu yake ilikuwa ya haki. Akaiweka htmlspecialchars, fanksheni ya lugha ya PHP inayosimba kwa ajili ya HTML, pamoja na agizo la ENT_QUOTES, linaloifanya isimbe hata ritifaa, mlangoni kabisa, hata kila kilichojazwa katika fomu kikawa kinasimbwa kabla ya kuingia kwenye hifadhidata. Jina Ng'ang'a, ambalo lina herufi na alama 8, likahifadhiwa kama Ng'ang'a, yaani 18. Kivinjari kilipolisoma kilionyesha Ng'ang'a, kila mtu akaridhika. Baadaye akaja mwandishi wa pili, mtu makini, akaona kurasa zinatoa data bila kuisimba, naye akafanya lililo sahihi: akasimba kila kinachotoka. Hakujua kwamba kilichomo ndani kilikuwa kimekwisha kusimbwa. Kuanzia hapo, karani alipofungua fomu ili abadilishe nambari ya simu ya mwanachama, kisanduku cha jina kilimwonyesha Ng'ang'a waziwazi; yeye akagusa nambari ya simu tu, akahifadhi, na mlango ukakisimba tena kilichokwisha kusimbwa. Jina likawa Ng&#039;ang&#039;a, alama 26. Siku nyingine akarekebisha anwani, jina likafika alama 34. Safu ya jina katika jedwali ilikuwa na nafasi 30, na hifadhidata ile, kwa jinsi ilivyokuwa imepangwa, ikakata kilichozidi bila kumzuia mtu yeyote. Mama yule akabaki na jina linaloishia kwa alama ya reli (#) na sifuri. Wakati huo huo wanachama wengine, ambao taarifa zao hazikuwa zimewahi kurekebishwa, walikuwa wakipokea ujumbe wa simu unaowasalimu kwa majina yenye alama ya & na nambari katikati, kwa sababu simu haisomi HTML na hakuna aliyeiambia kwamba maandishi yale yalivalishwa kwa ajili ya kivinjari.

Hilo la simu ndilo kiini cha ninachotaka kuwaambia. Kusimba ni kuyaandaa maandishi kwa ajili ya mahali fulani yanakokwenda. Anayesimba mlangoni anakuwa amechagua mahali pa kwenda kabla ya safari kujulikana. Jina lile lile kesho litaingia katika ukurasa wa HTML, kesho kutwa katika anwani ya wavuti, kisha katika ujumbe wa simu, katika risiti ya PDF na katika jedwali la mhasibu, na kila mojawapo ina alama zake za hatari na kanuni zake. Kwa hiyo hifadhini maandishi kama mwenyewe alivyoyaandika, na myasimbe mara moja tu, pale pale yanapotoka, kwa fanksheni ya mahali hapo.

Najua swali linalofuata, maana huulizwa kila mara: je, tukiacha ritifaa iingie ikiwa uchi, si tutadukuliwa kupitia SQL? Hapana, mkitumia maulizo yenye vigezo, ambapo amri hupelekwa kwa hifadhidata peke yake na thamani hupelekwa peke yake, kiasi kwamba ritifaa haipati nafasi ya kufunga chochote. PHP yenyewe ilipitia somo hili kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi ilikuwa na mpango ulioitwa magic_quotes, uliotia mkwaju wa kinyume mbele ya kila ritifaa iliyoingia kutoka kwenye fomu, bila kuuliza inakwenda wapi. Matokeo yake tuliyaona katika tovuti za nchi hizi zote: Ng\'ombe, na baada ya marekebisho kadhaa, Ng\\\'ombe. Mpango huo uliondolewa kabisa katika toleo la 5.4, mwaka 2012. Inanisikitisha kwamba mpaka leo nakuta watu wakiujenga upya kwa mikono yao, katika fanksheni wanayoiita safisha au linda, wakiamini wamevumbua ulinzi.

Swali la pili huwa la ukali zaidi: mlango ni mmoja na mahali pa kutokea ni pengi, sasa si rahisi kulinda mlango? Ingekuwa rahisi kama mlango ungejua hatari yote. Mwaka 2005 kijana Samy Kamkar aliweka msimbo katika ukurasa wake wa MySpace, mtandao wa kijamii uliovuma wakati ule, na chini ya siku moja watumiaji zaidi ya milioni 1 walikuwa wamemwongeza kuwa rafiki bila kujua. MySpace walikuwa wanachuja maandishi yanapoingia, na neno javascript walilifuta. Yeye akalikata katikati kwa kuteremsha mstari, vivinjari vya wakati ule vikaliunganisha na kulitekeleza. Kagueni mlangoni, naam: umri uwe nambari, barua pepe iwe na sura ya barua pepe. Huko ni kukagua. Kusimba ni kazi nyingine, na hufanywa mlango wa kutokea, ambako siku hizi wenzenu wamekwisha kuwarahisishia, kwani violezo vya Django, vya Laravel, na hata React, zana za kuundia tovuti, husimba vyenyewe kila kinachochapishwa isipokuwa pale mnapoviamuru visifanye hivyo. Mkikuta katika msimbo wenu dangerouslySetInnerHTML ya React au zile alama za mshangao mbili za Blade, violezo vya Laravel, ambazo ndizo amri za kuacha kusimba, simameni hapo na mtake sababu iliyoandikwa.

Nije kwenye fanksheni zenyewe za JavaScript, maana hapa ndipo mnapokosea kila wiki. Ziko tatu zinazofanana kwa sura: escape, encodeURI na encodeURIComponent. Ya kwanza achaneni nayo. Ilikuwapo kabla ya kanuni za sasa, na ikikutana na ritifaa iliyopinda, ile ambayo simu nyingi huiweka zenyewe badala ya iliyonyooka, hutoa %u2019, kitu ambacho decodeURIComponent hukikataa kwa kosa na seva nyingi hazikielewi. Zile mbili zimekuwamo katika viwango vya ECMAScript, ambavyo JavaScript huvifuata, tangu 1999, na tofauti yake ni ya matumizi. encodeURI hupewa anwani nzima iliyokwisha kuundwa, kwa hiyo huziacha alama zinazojenga anwani: mkwaju, alama ya kuuliza, &, =, + na reli. encodeURIComponent hupewa thamani moja inayokwenda kukaa ndani ya anwani, nayo huzisimba zote hizo.

Chukueni duka liitwalo Juma & Wanawe. Mkilitia katika anwani kwa encodeURI, alama ya & hubaki kama ilivyo, na seva husoma duka=Juma, kisha hudhani kwamba Wanawe ni kigezo kingine. Chukueni pia nambari ya simu inayoanza na +255 au +254. encodeURI huiacha alama ya kujumlisha, na seva inayofuata kanuni za fomu huisoma alama hiyo kuwa nafasi tupu. Nambari inafika ikiwa na nafasi mbele yake, malipo yanakataliwa, na mteja anaambiwa aandike nambari sahihi ilhali aliiandika sahihi tangu mwanzo. Kwa encodeURIComponent ingesafiri kama %2B na kufika salama. Katika PHP jozi inayolingana na jambo hili ni urlencode, inayoandika nafasi kama +, na rawurlencode, inayoiandika %20 kwa kufuata RFC 3986, waraka wa kanuni za anwani za wavuti. Zote mbili ni sahihi mahali pake, mradi msichanganye moja ya kusimba na isiyo jozi yake ya kusimbua.

Na kumbukeni kwamba encodeURIComponent haiigusi ritifaa. Vivyo hivyo htmlspecialchars, kabla ya PHP 8.1, haikuigusa ritifaa isipokuwa iagizwe. Mwenye kufungia sifa za HTML kwa ritifaa, kisha akategemea mojawapo ya hizo, ameacha dirisha wazi, na jina halali la mtu wa Murang'a linatosha kuuvunja ukurasa wake hata kabla mdukuzi hajaamka.

Naona muda unaniishia, basi nitayapitia yaliyobaki kwa haraka.

Ritifaa iliyopinda huchukua baiti 3 katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi unaotumika sana kwenye wavuti, na ikisomwa kwa jedwali la zamani la Windows-1252 hutoa â€™, hivyo mkiona Ngâ€™ombe tafuteni mahali ambapo pande mbili hazikukubaliana, wala msitumie utf8_encode kubahatisha, kwa sababu fanksheni hiyo, licha ya jina lake, hugeuza maandishi ya jedwali jingine la zamani, ISO-8859-1, peke yake, na tangu PHP 8.2 watumiaji wanashauriwa kuiacha. Katika ujumbe wa simu alama hiyo moja ni ghali: haimo katika jedwali la GSM, lile la kawaida la herufi za ujumbe wa simu, kwa hiyo ujumbe wa herufi 150, ambao ungekwenda kwa mkupuo mmoja kwa kuwa kikomo ni 160, hulazimika kuandikwa kwa jedwali pana ambalo kikomo chake ni 70, na hugawanyika kuwa jumbe 3 zinazolipiwa. Kuigeuza ritifaa iliyopinda iwe iliyonyooka mnapopokea jina ni kusawazisha tahajia, na hilo nalikubali mlangoni bila kinyongo.

Base64 nayo, njia ya kuandika data yoyote kwa herufi za kawaida, hugeuza kila baiti 3 kuwa alama 4 na yeyote anaweza kuisimbua. Si usimbaji fiche, na nimekuta nywila zimewekwa hivyo.

Mmoja wenu aliniuliza kabla hatujaanza kama data ya chama kile haikuweza kurekebishwa kwa kuisimbua tu. Tulijaribu. Kila jina lilikuwa limesimbwa idadi yake ya mara, kulingana na karani alivyoligusa, na jina la shamba lililoandikwa na & halali halikuweza kutofautishwa na lililoharibiwa kidogo. Majina yaliyokatwa kwenye nafasi ya 30 hayakuwa na cha kusimbua. Hatimaye tuliketi na makarani wawili na daftari la karatasi la uandikishaji, tukayachapa upya jina baada ya jina, kwa kuwa daftari lile ndilo peke yake lililokuwa bado limeandika Ng'ang'a.