Je, Jembe Ni Mazoezi?

ATUPELE: Kaka Ambakisye, kabla hujafungua daftari lako. Jumamosi nilikuwa Uporoto kwa mama mkwe, tukipalilia viazi na kuvipandishia udongo. Nilishinda kwenye matuta, na wasiwasi ulionikalia tangu mwanzo wa mwezi ulikuwa umepungua hata kabla ya chakula cha mchana.

AMBAKISYE: Pole kwa kazi, dada. Katika kipindi chetu cha leo nilipanga tuzungumzie mazoezi yanavyogusa kumbukumbu, msongo wa mawazo na usingizi, basi tuanzie hapo. Misuli inapofanya kazi, damu nyingi zaidi hufika kwenye ubongo, na mwili huongeza protini iitwayo BDNF, inayosaidia chembe za neva kukua na kuunganika. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120 waliogawanywa katika makundi mawili. Waliotembea dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi yao, yaani sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya, iliongezeka kwa takribani asilimia 2, ilhali ya wenzao walionyoosha viungo tu ilipungua.

ATUPELE: Mama mkwe hupanda mteremko ule karibu kila siku, jembe begani. Kwa nini basi tumhimize mkulima afanye mazoezi?

AMBAKISYE: Kwa sababu tafiti zinazotenganisha harakati za hiari na za kazi zimeona nafuu ya akili zaidi kwenye zile za hiari. Anayepanda Mlima Loleza asubuhi huchagua mwendo wake, na akichoka hushuka.

ATUPELE: Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Tafiti hizo zimepima umaskini, zikalisingizia jembe. Mkulima akirudi na huzuni, tazama kwanza deni la mbolea na mnunuzi anayedai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, na unahesabu pia kazi na shughuli za nyumbani.

AMBAKISYE: Mwongozo huo unazihesabu kwa afya kwa jumla. Mimi nazungumzia akili, na akili haitulii wakati kiuno kinauma usiku kucha na kesho ni lazima uiname tena.

ATUPELE: Ungewaona wale akina mama. Mmoja akinyoosha mgongo, wote husimama, dumu la maji huzunguka, na aliyefiwa mwezi uliopita huulizwa amelalaje. Hiyo nayo ni tiba.

AMBAKISYE: Hiyo ni tiba ya kuwa pamoja, wangeipata hata wakiwa wamekaa.

ATUPELE: Wakiwa wamekaa wasingekutana, kaka, kwa maana kila mmoja ana shamba linalomngoja.

AMBAKISYE: Fundi ananionyesha kwamba zimebaki dakika mbili, na usingizi hatujaugusa. Niseme hili tu: mwenye huzuni iliyodumu kwa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya, na mazoezi yaambatane na matibabu, yasichukue nafasi yake.

ATUPELE: Hilo naliunga mkono. Lakini mkulima asiambiwe kwamba hafanyi mazoezi.

AMBAKISYE: Aambiwe kwamba anastahili pia mwendo usio wa kazi.

ATUPELE: Ataupata saa ngapi?