Sauti tatu na kelele: muziki wa gemu katika vinywa vya kwaya

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Nawashukuru kwa kufika, maana foleni ya Barabara ya Morogoro leo haikumhurumia mtu.

Nianzie Magomeni. Jirani yetu alikuwa na mashine ya gemu ya kaseti, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, na watoto wa mtaa tulikaa kwenye mkeka wake kusubiri zamu. Umeme ukikatika hakuna aliyenyanyuka. Ukiondoka, zamu imekwenda. Basi tuliuendeleza kwa midomo wimbo wa Mario, yule anayerukaruka kwenye gemu. Mmoja alishika sauti ya juu, kaka yangu alinguruma besi, mtoto wa mwenye nyumba alipiga "tsi-tsi-tsi" kwa meno. Nilikuwa nimeshafundisha kwaya miaka mingi ndipo nilipotambua kwamba pale gizani tuliugawa wimbo ule karibu sawa na mashine ilivyougawa.

Mashine ya wakati ule ya Nintendo, kampuni ya Japani iliyomtoa Mario, ilikuwa na njia tano tu za sauti. Mbili zilitoa mlio mkali wa kizumari. Ya tatu, laini zaidi, ndiyo iliyobeba besi. Ya nne ilikuwa kelele tupu, wakaifanya ngoma. Ya tano ni ya vipande vifupi vilivyorekodiwa, tuiache. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros., mwaka 1985, mchezo mzima, picha na nyimbo pamoja, ulienea katika kilobaiti 40. Picha moja mnayotumiana kwenye simu inazidi hapo. Na dhiki haikuishia hapo: Mario akiruka, mlio wa kuruka unapora njia moja ya muziki, na sauti iliyokuwa humo inakatika mpaka mlio upite. Walimu wa kwaya wenzangu, fikirieni alto wote wanatoka nje katikati ya ubeti, halafu wanarudi, halafu wanatoka tena, na wimbo usiyumbe. Ule wa Kondo hauyumbi.

Mimi naamini hapo ndipo penye siri. Wimbo uliotungwa ili usimame hata ukipungukiwa sauti, huo mtu yeyote anaweza kuubeba: mtoto mkekani, okestra ya watu themanini, au kijana mmoja anayejirekodi sauti zote peke yake na kuzipanga kwenye kompyuta.

Okestra zilianza mapema. Koichi Sugiyama, mtunzi wa Dragon Quest, aliupeleka muziki wa mchezo huo jukwaani Tokyo mwaka 1987, mwaka mmoja tu baada ya mchezo wenyewe kutoka. Ulaya ilisubiri hadi 2003, pale Leipzig. Mwaka 2021 wanamichezo wa dunia waliingia uwanjani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo kwa nyimbo za gemu, na 2022 zikafika Royal Albert Hall, London, katika tamasha la Proms.

Lakini si kila okestra inanifurahisha. Wapangaji wengi wakiona nafasi tupu wanaijaza: fidla huku, tarumbeta kule, matoazi juu yake, mpaka mdundo uliokuwa mwepesi unatembea kama mtu aliyebeba gunia. Tatizo jingine ni mwisho. Wimbo wa gemu hauna mwisho. Unazunguka mpaka mchezaji ashinde au afe. Anayeupeleka jukwaani lazima autungie mlango wa kutokea, na wengi wanamaliza kwa kishindo kikubwa ambacho wimbo haukukiomba. Kwaya yangu tuliuchagua mlango mwingine: sauti zinaondoka moja moja, anabaki mpiga meno peke yake.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga wimbo wa kufungulia mchezo wa Civilization IV. Walioimba ni Talisman, kundi la Chuo Kikuu cha Stanford lililozoea kuimba bila ala. Maneno yake ni Sala ya Bwana, kwa Kiswahili, na jina lake ni Baba Yetu. Baadaye aliurekodi upya kwa ajili ya albamu yake, pamoja na Soweto Gospel Choir, na mwaka 2011 ukapata Grammy, wa kwanza miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya gemu. Tuzo yenyewe ilikuwa ya mpangilio wa ala zinazosindikiza waimbaji. Mpangilio, ndugu zangu! Kazi ileile tunayoifanya kila wiki kwenye mazoezi, kwa kalamu na solfa, yaani do, re, mi.

Sikio la Mswahili linashtuka kidogo mwanzoni, kwa sababu mtunzi analirudia neno "yetu" kwa ajili ya mdundo hata mahali ambapo sarufi isingeliita. Simlaumu. Ila kila ninaposikia kwaya za mbali zikiiimba lugha yetu, nauliza kwa nini sisi hatujaanza.

Maana tunavyo vyote. Sauti nne tunazo kila Jumapili. Kwaya nyingi za Wasabato zinaimba bila ala hata moja, na zinakaa kwenye pichi. Anayedai hatuna fidla avuke bahari akasikilize taarabu ya Unguja.

Tulipojaribu Mario, kikwazo kilikuwa besi. Mashine haivuti pumzi, nayo inaruka kutoka chini kwenda juu upesi kuliko koo. Tuliwagawa besi makundi mawili, wakapokezana noti: hawa wanashika za chini, wale za juu. Ilituchukua wiki tatu, na wiki ya kwanza nusu yao walikuwa wakicheka tu. Sauti ya juu haikutusumbua: mi, mi, mi, do, mi, so, kisha so ya chini. Hata wasiojua solfa waliipata.

Wanakwaya, pandeni. Tutaimba mara tatu, nanyi mlioketi msikilize. Mara ya tatu nikiinua mkono alto watanyamaza ghafla, bila taarifa, kama Mario ameruka. Hapo mtaamua wenyewe kama wimbo umesimama. Besi, do yenu hii hapa.