Chenso au kisumeno cha betri? Mjomba na mpwa barazani Newala

MPWA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Karibu tena. Umeliacha joto la Mtwara mjini, huku juu asubuhi bado tunajifunika.

MPWA: Nimeona, nimekuja na kanga mbili. Wasikilizaji, karibuni. Leo tuko Newala, barazani kwa mjomba, na mezani mbele yetu kuna vitu viwili. Kuna chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ya petroli, mjomba ameiazima kwa fundi wa kijijini, na kuna kisumeno cha betri, nacho cha mnyororo ila kidogo, nilichokuja nacho mimi. Mjomba ana mikorosho arobaini na miwili. Korosho zimeshakwenda mnadani, fedha imeingia, na anataka kununua kimoja kati ya hivi kabla haijaisha kwa mambo mengine.

MJOMBA: Na nilishaamua kabla hujafika. Nilitaka chenso. Ile ikinguruma bondeni kijiji kizima kinajua leo kuna kazi.

MPWA: Sasa nieleze unakwenda kukata nini. Jana tumezunguka shamba lote, waambie ulichonionyesha.

MJOMBA: Nakwenda kupogoa. Kuna matawi yaliyokauka, hayo ya kwanza. Kuna yanayolala mpaka chini, huwezi hata kuingia na jembe kupalilia. Kuna yanayosuguana, halafu kuna yale maotea yanayopanda wima katikati ya mti, yanakula chakula wala hayazai. Mti uliofungamana hivyo hewa haipiti, unyevu unakaa ndani, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unapenda hapo. Ukija kupuliza salfa mwezi wa sita, vumbi linaishia kwenye majani ya nje, katikati halifiki. Watu wa kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele wametufundisha hili miaka mingi: mavuno yakiisha, pogoa, kabla mti haujatoa majani mapya.

MPWA: Na unene wa hayo matawi?

MJOMBA: Mengi kama mkono wangu huu. Machache kama paja. Halafu ipo ile mitatu ya zamani kule chini, nataka kuikata kabisa ibaki visiki, ichipue, nibebeshe vikonyo, yaani niunganishie vijitawi vya mbegu bora.

MPWA: Basi hapo una kazi mbili, mjomba, wala hazifanani. Kisumeno hiki upanga wake, yaani kile chuma kinachobeba mnyororo, ni inchi sita, sentimita kumi na tano. Tawi la sentimita nane au kumi kinalikata vizuri. Likifika unene wa paja unaanza kukilazimisha, mnyororo unabanwa, mota inapata moto. Vipo vya inchi nne pia, hivyo ni vya matawi membamba tu. Chenso ya fundi upanga wake ni inchi kumi na nane.

MJOMBA: Na uzito je? Maana nimeinyanyua hii ya fundi nikasema mmh.

MPWA: Chenso za ukubwa huo ni kilo tano au sita, bado hujajaza petroli na oili. Kisumeno na betri yake hakifiki kilo mbili. Kwa tawi moja huoni tofauti. Kwa matawi mia mbili, mabega yako yenye miaka sitini na minne yatakueleza.

MJOMBA: Mabega yangu nayajua. Lakini nguvu, mwanangu. Hiki kitu kinafanana na mashine ya kunyolea.

MPWA: Kwenye nguvu sikufichi. Betri hii ni volti 18, ampea-saa 2. Ukizidisha unapata wati-saa 36, hiyo ndiyo nishati iliyomo ndani. Lita moja ya petroli ina zaidi ya wati-saa elfu nane. Hata tukisema injini inapoteza sehemu nne kwa tano kwa joto na moshi, lita ile moja bado inafanya kazi ya betri kama hizi zaidi ya arobaini.

MJOMBA: Arobaini!

MPWA: Ndiyo. Kwa hiyo mtu wa kupasua magogo au kuangusha minazi ya pwani iliyozeeka, kule Mchinga au Mikindani, kisumeno hiki hakimhusu hata kidogo. Lakini tawi lako la unene wa mkono linakatika kwa sekunde kumi na tano hivi. Jana kwenye ile mikorosho ya karibu na nyumba nilihesabu: betri moja imekata matawi ishirini na saba ndipo ikalegea. Ukiwa na betri mbili, ni miti mitano au sita kwa asubuhi moja. Unarudi kunywa chai, unachaji, na kesho unaendelea. Arobaini na miwili yote ni kama wiki moja.

MJOMBA: Wiki moja si neno. Kupogoa hakuna mtu anayekukimbiza.

MPWA: Na umeme wa hapa?

MJOMBA: Upo. Unakatika, lakini hauchukui siku nzima. Nikiukosa asubuhi naupata jioni. Ila ndugu yangu kule shambani kwake hana nguzo hata moja, yeye abebe betri kwa bodaboda kwenda kuchaji?

MPWA: Kwake yeye petroli ni rahisi zaidi, nakubali. Dumu la lita tano linafika popote.

MJOMBA: Ngoja nami niseme la petroli, maana watu wanadhani ukishanunua chenso umemaliza. Injini hizi hazina mahali pa oili kama gari. Oili unaichanganya ndani ya petroli. Jirani yangu alinunua mpya kabisa, akajaza petroli tupu, akavuta kamba, ikawaka, akafurahi. Haikumaliza tangi la kwanza. Injini ikanoki. Nilikuwepo, nilimwona alivyokaa chini. Fedha ya korosho za msimu mzima, mwanangu. Hakuna aliyemwambia, wala yeye hakujua kuwa kuna cha kuuliza.

MPWA: Pole yake. Basi tuliseme polepole, mtu aandike. Kwa chenso nyingi za kisasa zinazotumia oili nzuri ya injini za kuchanganya, kipimo ni hamsini kwa moja: mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa dumu la lita tano. Zipo mashine zinazotaka ishirini na tano kwa moja, yaani mililita 40 kwa lita. Kitabu chake ndicho kinachosema. Na mnyororo una oili yake peke yake, kwenye tangi lake.

MJOMBA: Wengi humo wanatia oili chafu, iliyotolewa kwenye pikipiki.

MPWA: Ile ina vumbi la chuma ndani yake, inakula pampu na upanga. Na chenso ikikaa miezi kumi na mchanganyiko ndani, kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, linaziba. Wewe utaitumia wiki mbili kwa mwaka, mjomba. Miezi mingine yote ni kuilea tu.

MJOMBA: Hapo umenigusa.

MPWA: Kisumeno nacho kina uwongo wake, lakini huo ni wa wauzaji. Nimeona dukani vilivyoandikwa 48V, 88V, hata zaidi, na ukifungua betri ndani ni vijibetri vitano. Kila kimoja kina volti 3.6, vikijaa kabisa vinafika 4.2. Vitano vinakupa 18, vikijaa 21. Basi. Ile namba kubwa ni rangi tu kwenye boksi. Uliza ampea-saa, nyanyua betri uone uzito, na uliza kama mnyororo na betri ya akiba vinapatikana hapohapo. Kama havipatikani, usinunue hata kikiwa bei ya bure.

MJOMBA: Na meno yake? Yanafanana na ya chenso.

MPWA: Ni yaleyale, madogo tu. Jino hili lilianzia kwa mdudu. Mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, alimtazama funza anayekula mbao, akaona taya zake zinakata kushoto na kulia. Akatengeneza mnyororo kwa mfano huo, ukaingia sokoni mwaka 1947.

MJOMBA: Funza! Na sisi tunawapiga dawa. Sasa nataka tuongee kuumia, hapo usipite haraka.

MPWA: Sipiti. Anza wewe.

MJOMBA: Chenso inaruka. Ile ncha ya upanga, upande wa juu, ikigusa tawi jingine ambalo hukuliona, mashine inarudi usoni kwako kabla hujafumba jicho. Wanasema sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Na huu msumeno wenyewe ndivyo ulivyo. Ndani ya mkorosho uliofungamana, matawi ya kugusa ncha ni mengi. Na watu wanapanda nayo juu ya mti! Mguu mmoja hapa, mguu mwingine kule, mashine inanguruma. Hilo mimi nalikataa mbele ya kila mtu.

MPWA: Kisumeno kinaruka kwa nguvu ndogo, lakini kina hatari yake. Kwa kuwa ni chepesi, unakishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unakwenda kulishika tawi karibu na pale unapokata. Vidole vinaondoka hivyo. Mkono wa pili uwe mbali, au ushike kisumeno. Na kabla ya kugusa mnyororo, hata kuondoa jani tu, chomoa betri. Mtoto wa nyumbani asikione kama kitu cha kuchezea. Miwani, glavu, mabuti, kwa vyote viwili. Kwa chenso ongeza vya kuziba masikio.

MJOMBA: Na petroli usijaze injini ikiwa ya moto, kwenye majani makavu. Shamba la jirani linaungua kwa cheche moja.

MPWA: Mjomba, waeleze ukataji wa tawi zito, jana ulinifundisha vizuri.

MJOMBA: Tawi zito ukilikata kwa juu moja kwa moja, linaanguka likichuna gome mpaka kwenye shina, na kidonda hicho ndicho mlango wa wadudu. Anza chini, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, kata theluthi ya unene. Kisha kata juu, mbele kidogo ya hapo. Linaanguka bila kuchuna. Mwisho unaondoa kile kipande kilichobaki, karibu na shina, lakini uache ule uvimbe mdogo pale tawi linapoanzia. Uvimbe huo ndio unaofunika kidonda.

MPWA: Neno moja kwa walio na chenso tayari. Mkorosho wako uko shambani kwako. Mninga, mkongo au mpingo wa porini una sheria yake, ya misitu ya mwaka 2002, na unaanzia ofisi ya kijiji na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, wilayani kabla ya kuvuta kamba. Wenzetu wa Kilwa wanauza mpingo wa misitu ya vijiji vyao kwa utaratibu, na fedha inaingia kijijini. Haya mjomba, tukate shauri?

MJOMBA: Ile mitatu ya kule chini nitamwita fundi na chenso yake. Atamaliza nusu siku, nitamlipa, aondoke na mashine yake na kabureta lake. Hii arobaini kasoro mmoja nitaipogoa mwenyewe. Hiki ulichokuja nacho kina betri ngapi?

MPWA: Mbili. Na tupa ya kunolea mnyororo nimeiweka kwenye mfuko.

MJOMBA: Basi usirudi nacho mjini. Niachie, na uniambie ulinunua kiasi gani.