Kilogramu ya Sèvres na Vizio Vinavyoitegemea

Mabibi na mabwana, Mfumo wa Kimataifa wa Vizio una vizio vya msingi saba tu: mita, kilogramu, sekunde, ampea, kelvini, moli na kandela. Vilivyobaki hupatikana kwa kuvizidisha au kuvigawanya hivyo. Nyutoni ni kani inayokipa kitu chenye tungamo la kilogramu moja mchapuko wa mita moja kwa sekunde mraba. Kani hiyo ikikisogeza kitu mita moja tunapata juli, na juli moja kila sekunde ni wati. Kilogramu ikitetereka, basi, vyote hivi hutetereka nayo.

Na kweli ilitetereka. Tangu 1889 kilogramu ilikuwa mcheduara wa platinamu na iridiamu uliotunzwa Sèvres, karibu na Paris. Baada ya takriban karne moja, ulipolinganishwa na nakala zake, nyingi zilionekana kutofautiana nao kwa kiasi cha maikrogramu 50. Tofauti hiyo haimhusu muuza sukari, lakini kwa mwanafizikia ilikuwa aibu, kwa sababu kwa mujibu wa fasili mcheduara wenyewe haukuweza kukosea: hata kama ndio uliopungua, ilibidi tuseme kwamba dunia nzima imeongezeka tungamo.

Vitabu vingi vya shule hueleza kwamba kizio cha msingi hakitegemei kingine. Mimi sikubaliani navyo. Hadi 2019 ampea ilifasiliwa kwa kani iliyopo kati ya nyaya mbili sambamba zinazopitisha umeme, yaani kizio cha msingi kiliegemea nyutoni, ambayo nayo iliegemea ule mcheduara. Mgawanyo huu ni makubaliano ya watu, wala si sheria ya maumbile.

Makubaliano hayo yalirekebishwa Versailles tarehe 16 Novemba 2018, yakaanza kutumika tarehe 20 Mei 2019. Kanuni thabiti ya Planck, yaani namba isiyobadilika inayohusisha nishati ya mwanga na marudio yake, ilipangiwa thamani kamili ya 6.62607015 × 10⁻³⁴ juli-sekunde. Kwa kuwa juli-sekunde ni kilogramu mara mita mraba kwa sekunde, na kwa kuwa mita na sekunde zilikwisha kufungwa kwenye kasi ya mwanga na mtetemo wa atomu ya sesiamu, kinachosalia ndani ya mlinganyo ni kilogramu peke yake. Maabara yenye mizani ya Kibble, inayolinganisha uzito na nguvu ya umeme, sasa inaweza kuipata bila kwenda Sèvres.