Ritifaa ya ng'ombe

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Idi, leo tumeahidi mambo matatu kuhusu rejeksi, yaani ile lugha fupi ya alama ya kutafuta na kubadilisha maandishi kwenye kompyuta: mabano na $1, ulafi wa nyota, yaani alama ya * inayomeza kupita kiasi, halafu zile namba za simu zinazoanza na 07, tuzigeuze ziwe +255. Ila niruhusu nianze na mswada ulioniweka mezani wiki hii.

IDI: Ule wa hadithi za watoto?

REHEMA: Huohuo. Waandishi kadhaa, kila mtu na kompyuta yake. Natafuta "ng'ombe", naletewa wachache, na huku kila nikifungua ukurasa wamejaa. Nikasogeza macho karibu. Kuna ritifaa iliyonyooka, ', kuna iliyopinda, ’, ambayo Word huiweka yenyewe unapoandika. Kuna iliyopindia upande wa pili, ‘. Na kuna mwandishi anatumia kile kialama kilicho chini ya Esc, `. Msomaji anaona neno moja. Kihariri kinaona manne.

IDI: Na ukijaribu kuhesabu maneno kwa \w+, yaani mfululizo wa herufi, tarakimu au kistari cha chini, ndiyo utachoka. Ritifaa si herufi kwa \w, kwa hiyo ng'ombe anakatwa vipande viwili: "ng" na "ombe". Ng'ambo hivyohivyo, Chang'ombe hivyohivyo. Hata \b, alama ya mpaka wa neno, inaweka mpaka katikati ya neno letu.

REHEMA: Sasa nisikilizeni, maana hapa rejeksi imenisaidia kweli. Natumia VS Code, programu ya kuhariri maandishi. Ctrl na H, kisha bonyeza kile kitufe chenye nukta na nyota. Kwenye kutafuta:

(ng)[’‘`](?=[aeiou])

Kwenye kubadilisha:

$1'

Mabano yanashika "ng". Mabano ya mraba yanasema: yoyote kati ya alama hizi tatu. Kile kipande cha mwisho kinachungulia tu mbele, kuna irabu? Kinachungulia bila kuigusa. Kitufe cha Aa, kile cha kutofautisha herufi kubwa na ndogo, nimekiacha bila kukibonyeza, kwa hiyo kinakamata na NG’OMBE ya kwenye vichwa vya habari, na $1 inarudisha kilekile kilichoshikwa, herufi kubwa zinabaki kubwa.

IDI: Kwa nini kuchungulia? Si ungeishia kwenye alama tu?

REHEMA: Mtu akiandika ‘Hong Kong’ ndani ya alama za kunukuu, ile ya kufungia ingebadilika. Baada yake hakuna irabu, basi inaachwa.

IDI: Safi. Lakini dada, ongeza w.

REHEMA: W?

IDI: Majina ya Kisukuma. Ng'wanamalundi! Kitabu cha watoto kikipita Mwanza bila w kwenye orodha yako, mganga mkubwa vile anabaki na ritifaa ya peke yake.

REHEMA: [aeiouw]. Nimeandika. Na wasikilizaji wa Kenya, Murang'a na Ndung'u wamo, kwa sababu sikuweka \b mwanzoni. Ng' inaweza kukaa katikati ya neno.

IDI: Na walioiacha kabisa ritifaa? "Ngombe"?

REHEMA: Hao nimewapitia mmoja mmoja kwa macho. Huwezi kuambia kompyuta iweke ritifaa kila penye "ng". Ngata ni ile anayoweka mama kichwani chini ya ndoo. Ng'ata ni mbwa na mguu wako. Ngoa na ng'oa, vilevile. Hapo anatakiwa mtu anayejua Kiswahili, basi.

IDI: Hapo tuko pamoja. Tusipokuwa pamoja ni kwenye hiyo $1 na ritifaa iliyonyooka. Umebadilisha zote ziwe alama isiyo sahihi.

REHEMA: Isiyo sahihi kivipi?

IDI: Yunikodi, ule mfumo unaoipa kila alama ya maandishi namba yake kwenye kompyuta, ina alama yake, U+02BC. Kwa macho ni kama ile iliyopinda, ila imesajiliwa kuwa herufi. Na kwenye ng' ritifaa ni sehemu ya sauti. Weka hiyo, halafu lugha ya programu ya Python inaposoma \w+, ng'ombe anatoka mzima. Neno moja. Tatizo ulilolieleza limekwisha kwenye mzizi.

REHEMA: Limekwisha kwenye Python. Kwenye VS Code hiyohiyo niliyofungua, ukitafuta ndani ya faili, \w ya JavaScript, lugha ya programu inayotumika humo, inajua a hadi z, tarakimu na kistari cha chini. Herufi yako mpya haiioni. Vim, kihariri kingine, nayo ni hivyohivyo.

IDI: Basi zana ndizo zirekebishwe. Lugha isiandikwe vibaya kwa sababu zana ni finyu.

REHEMA: Idi, mtoto wa Tandahimba ana simu ya baba yake. Anataka kutafuta hadithi ya ng'ombe. Ataandika alama gani?

IDI: Ile ya kwenye simu.

REHEMA: Iliyonyooka, au iliyopinda. Ya kwako haimo kwenye kibodi yake. Atatafuta, ataambiwa hakuna. Mimi nahariri kwa ajili ya huyo mtoto.

IDI: Na mimi nawaza mtu atakayetengeneza kikagua tahajia cha Kiswahili. Ukimpa maandishi ambayo ritifaa na alama ya kunukuu ni kitu kimoja, atahangaika kila siku kuzitenganisha. Mpe herufi, halafu upande wa kutafuta ndio ulinganishe alama zote.

REHEMA: Nani atalinganisha? Nani analipwa kulinganisha?

IDI: Hilo halifanyi alama iliyonyooka iwe herufi.

REHEMA: Na herufi isiyoandikika haimsaidii anayeandika. Mswada umeondoka na iliyonyooka, na nitaendelea hivyo.

IDI: Mimi faili zangu zitabaki na 02BC.

REHEMA: Sawa. Angalau ndani ya faili moja ziwe za aina moja.

IDI: Hilo ndiyo. Ila si sawa na kusema zote mbili ni sahihi.

REHEMA: Sijasema ni sahihi zote! Fundi mitambo ananionyesha saa. Dakika mbili.

IDI: Nyota je? Nilikuwa na mfano mzuri wa .* inayomeza mstari mzima badala ya kusimama kwenye alama ya kwanza ya kufungia.

REHEMA: Haiwezekani kwa dakika mbili. Na mabano yenyewe tumeyagusa juujuu tu.

IDI: Namba za simu?

REHEMA: Zinasubiri. Wasikilizaji, tuandikieni mnatumia ritifaa ipi, na kwenye programu gani. Hasa walio Zanzibar, maana Ng'ambo mnaiandika kila siku.

IDI: Na mwenye kibodi ya simu yenye 02BC anitumie picha.

REHEMA: Utasubiri sana.

IDI: Nasubiri.